Bosi alinikata ushuru, sasa anataka niseme nilikuwa kibarua

Admin, usiweke jina langu, huku Komarock tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wawili. Mimi ni karani kwa karakana ya fanicha huko Njiru, na mume wangu ni dereva hapo hapo. Bosi, mwenye karakana, ni mzee wa kanisa letu.

Kila mwisho wa mwezi bosi ananikata ushuru. Sijawahi kulalamika, nilijua unafika serikalini. Juzi nikapata kazi kwa shule moja, wakaitisha cheti cha kuonyesha sina deni la ushuru. Nikaenda ofisi ya ushuru. Dada wa kaunta akaangalia kompyuta, akaniuliza, "Mama, una uhakika umeajiriwa? Hakuna kitu kimewahi kuletwa kwa jina lako."

Akanieleza kwamba mwajiri akishakata, deni ni lake. Ila lazima niandike malalamiko, nithibitishe kweli aliniajiri.

Nikamwendea bosi. Hakushtuka hata kidogo, alikuwa anatafuna njugu. "Andika tu ulikuwa kibarua wa siku, hukukatwa ushuru, hutasumbuliwa. Ukinishtaki nafunga hapa, na bwana yako atakosa kazi kwa sababu yako." Halafu akanishika bega, akasema tuombe. Akaomba kweli! Macho amefunga, vipande vya njugu vimemkwama kwa meno, anamshukuru Mungu kwa uaminifu wangu. Nilitoka nikatema mate mtaroni.

Nyumbani nikamwambia mume wangu, nikidhani atawaka. Akainamisha kichwa. "Mama nanii, hiyo nilijua kitambo. Unafikiri aliniongeza mshahara kwa nini?"

Nilikumbuka ule mshahara ulipoongezwa. Nilichinja kuku. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, na bosi alipiga makofi kuliko wote. Sasa nikimwona mume wangu akila chakula changu nasikia kichefuchefu. Nimehamia chumba cha watoto. Yeye anasema tu, "Andika kibarua, yaishe."

Shule inangoja cheti. Nikisema uongo, kazi naipata na huyo mtu ataendelea kukata wenzangu. Nikisema ukweli, mafundi wote huenda wakakosa kazi, na mume wangu amesema siku hiyo anarudi kwao.

Mngekuwa mimi, mngeandika nini? Na huyu mwanaume, nimsamehe vipi? Msinifiche kitu, nasoma zote.