Siku Niliyowasha TV ya Chogo Ukweni Nangwa

Nisizunguke: mimi ndiye niliyemwambia baba mkwe wangu asogee kwa sababu alikuwa ananizibia TV. Siku ya posa, tena bila shikamoo. Kuna watu Nangwa ambao hadi leo wakisikia natajwa hawaulizi mimi ni wa ukoo gani, wanauliza tu, "Ni yule wa TV?", na mimi naitikia kwamba ndiye, maana kubisha kunarefusha hadithi, na hii hadithi kila ikirefuka inanipunguzia kitu.

Naitwa Fabiani. Nyumbani ni Tlawi, kibanda changu cha ufundi wa redio na TV kiko Mbulu mjini, na wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao wenzangu walikuwa wanazungumzia ng'ombe na mabati na mimi nazungumzia gemu za zamani. Zile mashine za kaseti za njano tulizozicheza shule ya msingi, kwa zamu, nyumbani kwa yule mmoja ambaye baba yake alikuwa na TV. Ninazo tisa, zote zinawaka.

Maoni yangu yanajulikana kwa kuwa sina tabia ya kusubiri kuulizwa. Gemu ya zamani unachomeka kaseti, unabonyeza, unacheza, ikigoma unaitoa unaipuliza unairudisha, na hapo umeshamaliza ufundi wote unaotakiwa. Gemu mpya ukiiwasha inataka intaneti, ukiipa intaneti inataka kujisasisha, ikimaliza kujisasisha pedi imeisha chaji, ukiweka pedi kwenye chaji umeme unakatika. Pedi ya zamani ilikuwa na waya, na waya ukikatika unaunga. (Kaseti yangu moja imeandikwa ina gemu maelfu, ukizihesabu ni ishirini na nne zinazojirudia kwa majina mapya, hilo nalijua na nimelisamehe.) Halafu kuna bastola, ile ya kulengea ndege kwenye kioo. Haifanyi kazi kabisa kwenye TV nyembamba, inataka mwanga wa TV ya chogo, ile nene yenye mgongo, na jambo hilo nimewaeleza kwa kirefu watu wengi waliokuja kibandani kutengenezewa pasi.

Mchumba wangu Marselina, mwalimu, alikuwa anayajua yote hayo na alinikubali hivyo hivyo. Shida ilikuwa baba yake. Mtu fulani alikuwa ameshamfikishia kwamba anayetaka kumwoa binti yake ni mtu mzima anayechezea vitu vya watoto, mzee akamuuliza Marselina kama ni kweli, na Marselina akamjibu kwamba hiyo ni kazi yangu, natengeneza tu, sichezi. Si mtu wa kudanganya, alidanganya kwa ajili yangu. Siku moja kabla ya posa akanipigia simu akaniambia neno moja tu, "Kesho usinifanye mwongo," nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Mshenga wetu alikuwa baba mdogo Boay, wa Bashay, ambaye ameshaposea nusu ya ukoo. Yeye masharti yake ni mafupi. Kwenye posa mshenga ndiye anayesema, mwenye haja anakaa anatazama chini ili waone ana adabu. "Ukiulizwa, itikia," aliniambia ndani ya gari. "Usipoulizwa, kunywa chai." Sikuona ugumu wowote hapo. Miguuni nilikuwa na begi ambalo nilimwambia lina nguo za kubadilisha, kumbe ndani kulikuwa na gemu moja, kaseti na bastola, kwa sababu paa la kibanda lilikuwa linavuja na hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote (wengine huwa wanabeba sweta).

Tulipokewa vizuri. Tukaamkia wakubwa mmoja mmoja, tukasali, tukapewa chai ya maziwa na mihogo, baba mdogo akasema maneno yake mazuri, kisha wazee wa pande zote mbili wakatoka kwenda kuteta nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha zizi, ambako baba yake Marselina alikuwa anawasubiri. Mimi nikabaki sebuleni na Paulo, kaka yake Marselina, aliyekuwa amekuja kutoka Arusha na mashine yake mpya ya gemu na kuichomeka kwenye TV nyembamba ya ukutani ili wageni wasichoke kusubiri.

Akaiwasha. Ikataka kujisasisha. Paulo akaiunganisha na intaneti ya simu yake, akaiegesha simu dirishani kutafuta mtandao, na tukakaa sisi wawili tunatazama asilimia mbili. Nikanywa kikombe cha pili. Ikawa asilimia tatu. Nikanywa cha tatu, ikarudi mwanzo.

"Shemeji, hizi mambo unazijua?" akaniuliza Paulo, kwa wema tu, mtu anayetafuta la kusema.

Hapo nilikuwa nimeulizwa, na mtu akiulizwa anaitikia, si ndivyo nilivyoagizwa? Kama ningesema "kidogo" leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilianza na intaneti, nikaja kwenye pedi za chaji, nikapita kwenye uimara wa plastiki ya zamani, na nilipofika kwenye suala la bastola Paulo akacheka akasema hivyo si vilikuwa vya watoto, na mimi nikajikuta nimeshafungua begi. Akaniambia basi chomeka kwenye ya ukutani tuone. Ningeweza kuchomeka, nikacheza ile ya kawaida ya pedi dakika tano, yakaisha. Nikamuuliza kama nyumbani pale hapakuwa na chogo.

Ilikuwepo, stoo, juu yake kuna gunia la mbaazi. Tukaibeba wawili, inamwaga vumbi kwenye mikono ya mashati yetu ya sherehe, tukaiweka sakafuni chini ya ile ya ukutani.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho nimekiandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa kibanda changu, herufi kubwa, kwamba TV iliyokaa muda mrefu isiwashwe kabla haijafunguliwa mgongo na kufutwa vumbi. Nimewagombeza watu wazima kwa sababu hiyo. Ile ya Nangwa nilichungulia kwenye matundu ya nyuma, nikaipuliza kama kaseti, nikaiwasha.

Ikawaka, na nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Rangi zilikuwa zinaelekea kijani, lakini ndege walikuwa wanaruka, na mimi nikapiga goti moja sakafuni nikaanza kuwaangusha, na Paulo kicheko kikamwisha akaanza kuhesabu. Mlio ukawatoa watu jikoni. Shangazi yake Marselina akaja, na Marselina mwenyewe akasimama mlangoni na upawa mkononi, akatikisa kichwa, kidogo, mara moja. Nilimwona. Nikajiambia bado ndege watano.

Nilikuwa nimebakiza wawili alipopita mtu mbele ya kioo akasimama. Nikadhani ni Paulo.

"Sogea," nikasema, "unaziba."

Hakusogea. Paulo alikuwa amevaa jinzi, na hii iliyokuwa mbele yangu ilikuwa suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi ikashika mstari, na bastola yangu ilikuwa imeelekea gotini pake. Nikapandisha macho polepole. Baba yake Marselina alikuwa ameshika fimbo, nyuma yake baba mdogo Boay, na nyuma yao wazee wengine wanaingia wakiwa wamekuja kutoa jibu. Gemu ikaendelea kupiga muziki wake.

Pale kulikuwa na neno moja tu la kusema, na neno lenyewe ni shikamoo, hata mtoto wa miaka mitatu angelisema. Mimi nikasema, "Nilikuwa natengeneza, mzee."

Marselina akatazama chini. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililoniumiza na bado linaniuma.

TV nayo ikachagua wakati huo huo kulia paa, moshi ukatoka mgongoni, na harufu ya kiota cha panya kinachoungua ikajaa sebule. Nilichomoa waya mara moja, hilo nilifanya vizuri na naomba liandikwe. Lakini shangazi hakuwa amesubiri. Pembeni palikuwa na ndoo ya togwa iliyoandaliwa ili jibu likishatolewa tunywe pamoja na mazungumzo yafungwe, naye akaiinua yote akaimwaga kwenye TV. Nilitaka kumweleza kwamba umeme ulikuwa umeshakatwa na hapakuwa na haja, lakini sikuwa nimeulizwa, na kwa mara ya kwanza siku ile nikafuata maagizo ya mshenga.

Mzee akaitazama TV, akaitazama ndoo.

"Leo hatuna cha kufungia mazungumzo," akamwambia baba mdogo, taratibu, wala hakunitazama. "Mtarudi siku nyingine. Na hiyo TV ilikuwa ya mama yangu."

Nikaomba niichukue nikaitengeneze, akaruhusu kwa mkono. Nilipanda nayo gari nimeipakata, suruali yangu imelowa togwa, inzi wanatusindikiza. Tulipofika Dongobesh ndipo baba mdogo akageuka kwenye kiti cha mbele akaniuliza, "Chai ilikuwa imeisha?"

Marselina hakupokea simu siku tisa. Ya kumi alipokea, akaniambia nimemfanya mwongo mbele ya baba yake, tena kwa maneno yale yale aliyonitetea nayo, akakata. Nilikaa kibandani chini ya ubao wangu wa rangi nyekundu na nikaona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa, ile ya kumwangusha mtu aliyekuamini.

Kutengeneza kulichukua mwezi na zaidi. Togwa ikikauka ndani ya TV ni gundi. Transfoma yake ilikuwa imeungua na huku kwetu haiuzwi tena, kwa hiyo niliitoa kwenye chogo yangu mwenyewe, ile ya kuchezea, nikaifunga kwenye ya bibi. Tangu hapo bastola yangu ni pambo.

Tuliporudi Nangwa sikubeba begi. Niliamkia kila mtu, hata waliokuwa wadogo kwangu, wakashangaa. Mzee akaichomeka TV kwenye king'amuzi, ikawaka, akakaa anatazama taarifa ya habari. Kisha akanigeukia mimi, si mshenga.

"Wewe fundi. Kwako utaweka ipi, hii au kama ile ya ukutani?"

Baba mdogo Boay akasimamisha kikombe hewani. Suala hilo nina maoni nalo ya kama dakika arobaini.

"Muulize Marselina, mzee," nikasema. "Ndiye atakayekaa nayo."

Mzee akamgeukia binti yake. Marselina alikuwa amesimama mlangoni pale pale, akafuta mikono kwenye kanga.

"Yoyote, baba," akasema. "Ila gemu anacheza. Hatengenezi tu, anacheza kweli. Nilikudanganya."

Nikatazama chini, kwa adabu na kwa woga.

"Nilijua," akasema mzee. "Tangu aliponiambia nisogee. Anayetengeneza hasemi hivyo."

Halafu akaagiza togwa iletwe. Shangazi ndiye aliyeibeba, akapita nayo mbali na TV, na tukanywa. Tuna mwaka wa tatu wa ndoa sasa na ukweni nakwenda mara kwa mara. Paulo akiwasha mashine yake na kuniuliza naionaje, namwambia ni nzuri sana, kisha naomba kuongezewa chai.