Mkwe Amelipa Deni Ambalo Si Langu

Leo nimenyamazishwa na mkwe wangu, na hakuniambia neno baya hata moja.

Mnajua kuna mwizi alichukua mkopo wa simu kwa kitambulisho changu. Mimi sijawahi kukopa hata chumvi!

Asubuhi kijana wa hiyo kampuni akapiga. "Shosho, lipa nusu tufunge faili."

"Mimi si shosho yako, sikumzaa mama yako. Nusu ya deni la mwizi nilipe mimi kwa nini?"

Akasema basi atawapigia watu wangu wote. Nikamwambia piga, mimi naenda kituo cha polisi cha Marani.

Nikiwa bado kwenye foleni, mume wa binti yangu akapiga. "Mama, wamenipigia. Nimelipa pesa yote, usiaibike."

Yote!

Zamu yangu ilipofika nikamweleza polisi yote. Akasema, "Mama, deni likishalipwa, nani ataamini hukukopa?"

Angekuwa mwanangu ningemgombeza mpaka kule Birongo wasikie. Lakini huyu ni mkwe, na kwetu mkwe hapandishiwi sauti.

Nikampigia, nikamwambia, "Asante, baba."

Ninyi mliosoma, niambieni kama bado naweza kukataa deni ambalo limeshalipwa.

Na msimwambie mkwe nimeuliza.