Mama Aliyesoma Hadithi ya Mbuzi

Nilikuwa nikifundisha darasa la pili katika shule moja ya Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese, tulipoletewa tableti za kusomea. Watoto wangu walikuwa wakijifunza kusoma kwa Lhukonzo, lugha ya nyumbani kwao, lakini tableti zilizungumza Kiingereza tu. Walizisikiliza kwa adabu, kama watu wanaosikiliza mahubiri ya mgeni, kisha wakazirudisha.

Nikawaomba wazazi waje wasome vitabu vyetu vidogo niwarekodi kwenye tableti hizo, ili mtoto afuate maneno kwa kidole huku akisikia. Wengi waliona aibu. Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja aliyeuza nyanya sokoni Kasese. Binti yake, mwanafunzi wangu, alikuwa bado anashindwa kuunganisha silabi. Mama alisoma hadithi ya mbuzi aliyepotea, mvua ikipiga mabati. Alipokwama kwenye neno refu alicheka kidogo, akalirudia. Nilitaka turekodi upya.

"Acha tu, mwalimu," akasema. "Ajue hata mimi nakwama."

Muhula ule haukuisha vizuri. Mama yule alikwenda kujifungua, akafariki pamoja na kichanga. Alizikwa kwao Bwera, na binti akabaki huko kwa bibi yake.

Sikuweza kuifuta ile sauti, wala sikuthubutu kuifungulia darasani. Likizo ilipofika, niliihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, nikachukua na kile kitabu cha mbuzi, nikaenda Bwera.

Nilimkuta bibi uani akipukuchua maharage. Nikampa pole, kisha nikamweleza nilichokuja nacho. Mikono yake iliendelea na kazi.

"Mwalimu, mimi naogopa," akasema mwishowe. "Huyu mutoto iko nalala sasa bila kulia. Akisikia mama yake, itaanza tena."

"Basi, mama. Nitakuachia kadi, utaamua mwenyewe."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Mimi nataka," akasema.

Bibi alimtazama, kisha akanipa simu yake niweke kadi. Kwanza tulisikia mvua, halafu sauti. Binti hakulia. Aliyejifunika uso kwa kitenge ni bibi. Binti alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, lakini kabla ukurasa haujaisha kidole kilikuwa kimepotea njia.

"Mwalimu, mama anasoma mbio."

"Ndiyo. Turudie, umfuate pole pole."

Tulirudia, tukarudia tena, mpaka simu ikazimika kwa kukosa chaji. Binti hakuinua macho. Aliendelea peke yake, akiruka maneno mengine, akikosea mengine, nami sikumsahihisha.

Mwaka uliofuata nilikutana na bibi siku ya soko hapo Bwera. Akaniambia simu ilianguka majini, kadi ikaharibika. Shuleni nako tableti ile ilikuwa imekufa zamani. Nilimwomba radhi kwa kuwa sikuweka nakala nyingine.

"Mjukuu wako alilia?" nikamuuliza.

"Alilia sana, siku mbingi. Sasa iko nanisomea Agano Jipya jioni. Kusoma yake iko pole pole, mwalimu, lakini mimi nasikia yote."

Aliniaga, akaenda kutafuta chumvi. Mimi nilibaki nimesimama pale kati ya watu, nikiwa nimesahau nilichokuja kununua.