Ndoo ya Bi Sindano

Mtaani tunamwita Bi Sindano kwa sababu ya cherehani yake na ulimi wake. Kila mwaka hutengeneza divai ya nanasi, na kila asubuhi huyazamisha matunda kwa mwiko, maana yakielea na kukauka huota ukungu.

Safari hii alilazwa siku nne. Mwiko akamwachia wifi yake, ambaye mwanawe alikuwa anaoa Jumamosi na divai ilikuwa ya harusi hiyo. Wifi aliogopa kwamba akifunua ndoo divai itaharibika, basi hakuigusa.

Bi Sindano aliporudi, alikuta manyoya ya kijani yametanda juu.

“Chota hayo ya juu tu, wifi yangu,” wifi akamsihi. “Wageni watajuaje?”

Bi Sindano akajaza kikombe, ukungu na vyote, akamnyooshea. “Haya, mama bwana harusi. Tufungulie sherehe.”

Wifi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

Bi Sindano akaiburura ndoo nje, akaimwaga yote mtaroni mchana kweupe, majirani wakikodoa macho.

“Watu watatusema!”

“Waseme mpaka wachoke. Bora wanisengenye ukumbini kuliko wapange foleni chooni.”