Kipepeo cha Bi Sindano

Mtu mfupi akiingia siku hizi kwenye karakana ya Bi Sindano kulalamika kwamba mkanda wa gari unamkata shingo, hapimwi kwa tepu. Anaambiwa akae kwenye kiti cha gari lake, kisha Bi Sindano humbonyeza ubavuni kwa vidole mpaka akutane na mfupa wa nyonga. "Hapa," humwambia. "Mkanda ukitoka hapa ukapanda tumboni, bora uende kwa miguu." Hacheki anaposema hivyo. Waliomjua zamani watakuambia kwamba huyu alikuwa na mdomo wa kumchekesha hata mfiwa, nao hawasemi uongo.

Jina la Sindano lilitokana na kazi yake na ulimi wake, na ukimuuliza jirani ni kipi kilichotangulia, atakuambia ulimi. Alianza kwa kushona magauni. Nguo za dukani zilipomnyang'anya wateja, akahamia viti vya magari, akapanga chumba cha bati ubavuni mwa gereji ya mzee mmoja aitwaye Spana. Cherehani yake nzito ilitoboa turubai na ngozi bandia bila kusita, na chini ya meza kulijaa sponji kuukuu zenye harufu ya jasho la watu asiowajua. Alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilisema kila alipopata wa kumsikiliza: tangu ashike sindano, hajawahi kumshonea mtu kitu kikambana. "Wangelalamika," alisema. Nani alalamike mbele ya ulimi ule, hilo hakuliwaza.

Mdogo wake aliyemfuata ziwa moja walimwita Pande. Pande la mtu ni mtu mkubwa, basi pima mwenyewe watoto walivyo na roho mbaya, maana binti huyo alikuwa mfupi kuliko wote waliozaliwa nyumba ile. Alikua, akaolewa, akawa mkunga, na bado alipanda kigoda kufikia kabati la dawa. Zahanati ilimpa gari kuukuu la kuwatembelea wazazi majumbani. Siku moja akaingia karakana akiwa na mchubuko mwekundu chini ya sikio.

"Nani kakunyonga, ni shemeji yangu?" Bi Sindano akamuuliza.

"Mwache mume wangu. Ni mkanda wa gari la kazini, dada, unanichinja. Siku hizi naupitisha chini ya kwapa."

"Kwapani? Ukigonga kitu, mbavu zitakatika kama kuni kavu."

"Basi nishonee. Si wewe fundi?"

Bi Sindano alishona kipande cha turubai chenye mbawa mbili. Bawa moja lilishika mkanda wa begani, la pili likashika ule wa mapajani, na mbawa zikivutana, wa begani uliachana na shingo. Akakiita kipepeo. Pande alikaa, akafunga, akageuza shingo huku na huku. "Kama sijavaa kitu," akasema.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kosa ambalo mtu asiyewahi kushona gauni asingelifanya. Kipepeo kiliposhusha mkanda wa juu, kiliupandisha wa chini. Ulitoka kwenye nyonga ukakaa tumboni, mahali palipo laini. Bi Sindano aliuona ukipanda. Aliuona, akaridhika, kwa sababu kiunoni ndipo gauni hukaa vizuri. Mshonaji humpima mtu aliyesimama akatulia, na mikono yake hutafuta nyama ya kufunika. Mkanda hauna kazi mtu akitulia. Kazi yake ni ile nukta moja gari linaposimama na mtu hajasimama, na nukta hiyo unataka mfupa wa kushika.

Habari zilienea kwa wafupi wenzake Pande. Akaja mwalimu wa hisabati, akaja mke wa muuza mbao, wakaja wengine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Bi Sindano hakulegeza kazi hata kidogo. Aliongeza maua ya uzi kwenye mbawa.

Asubuhi moja ya mvua, lori la matofali lilifunga breki mbele ya Pande. Akaligonga. Walioshuhudia walisema alifungua mlango mwenyewe, akasimama barabarani, uso bila mkwaruzo. Jioni tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, wakampasua.

Daktari, mwanamke mtaratibu wa sauti ya chini, alimwita Bi Sindano kwenye veranda ya wodi. "Mkanda ulikuwa tumboni," akasema. "Umepasua utumbo. Ungekaa chini kwenye nyonga, mifupa ingebeba kishindo. Alikuwa anauvaaje?"

"Sijui," Bi Sindano akajibu.

Alikwenda moja kwa moja gereji, ambako gari lilikuwa limekokotwa. Spana aliingia upande wa dereva na kumwonyesha kitu kwenye nguzo ya mlango, pale mkanda unapotokea. Kilikuwa kitufe. Akakidondoshea mafuta, akakibonyeza kwa dole gumba, na sehemu yote ile ya juu ikateleza chini kwa mkwaruzo.

"Kiliganda kwa vumbi tu," akasema. "Mkanda ungeshuka hapa, na kiti tungemwinulia kwa sponji ngumu, isiyobonyea. Shingo isingeguswa, na wa chini ungebaki nyongani." Kisha akakiona kipepeo, kikiwa bado kimeng'ang'ania mikanda yote miwili, mishono haijaachia hata mmoja. Alishuka, akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na uchafu mpya.

Bi Sindano alirudi hospitali amekata shauri kusema. Alimkuta Pande amezungukwa na wageni, anaongea kwa pumzi fupi.

"Dada yangu huyo ndiye aliyeniokoa," alikuwa akiwaambia. "Hebu nitazameni shingo. Bila kipepeo chake mngekuwa mnaniosha sasa hivi."

Muuguzi mmoja, mfupi naye, akageuka. "Mama, na mimi nitakushukuru ukinishonea."

Bi Sindano alivikumbuka vipepeo vyote alivyoshona. Kila mtu aliyekuwa na kipepeo alikuwa barabarani saa hiyo, akiendesha. Lakini aseme vipi mbele ya mgonjwa, kwamba kinachomuua ni hicho anachokisifu? "Tutaongea," akamwambia muuguzi. Akakaa kando ya kitanda, akaupapasa mguu wa mdogo wake juu ya shuka, na aibu ikamtafuna kuliko uchungu. Kila siku alijiambia atasema kesho. Sumu ya utumbo ikaingia kwenye damu, na Pande akafa akiwa bado anamsifu.

Msibani, nyumbani kwa mama yao, wanawake walikaa chini ukutani wakimliwaza. "Angalau ulimpa siku za kutuaga," akasema mwalimu wa hisabati. "Mimi bila kipepeo siwashi gari."

Bi Sindano akasimama, mkasi mkononi. Aliwaambia yote: nyonga, tumbo, utumbo, kitufe. "Nimemuua kwa mikono hii," akasema. "Nipeni funguo, nikavikate."

Hakuna aliyenyanyuka. Mke wa muuza mbao akamshika upindo wa kanga. "Kaa, dada yangu. Hayo ni majonzi yanasema. Marehemu mwenyewe alikisifu mpaka pumzi ya mwisho. Tumwamini nani, wewe uliyechanganyikiwa au yeye aliyekuwa ndani ya gari?"

Mama yao akaanza kulia upya. Bi Sindano aligeuka huku na huku, akaona ataondoka pale na mkasi wake, na wao wataondoka na vipepeo vyao.

Shemeji yake, mume wa Pande, alikuwa mlangoni. 

"Mpeni funguo," akasema. "Mke wangu alikuwa akiushusha ule mkanda kwa mkono. Kila kona, kila tuta, ulimpanda tumboni naye anaushusha. Nikamwambia akivue kidude hicho. Akakataa. Akasema, dada atajisikia vibaya."

"Na kule hospitali?" Bi Sindano akauliza.

"Kule alikuona uso, shemeji, akajua unajilaumu."

Mke wa muuza mbao alichomoa funguo kifuani, akampa bila kumtazama. Wengine wakafuata. Bi Sindano alitoka uani, akapita gari baada ya gari akikata maua yake mwenyewe, na turubai lilikuwa gumu, kwa kuwa alilishona vizuri. Kwenye gari la mwalimu mkono ulimchoka, akaketi kwenye kiti cha dereva, miguu nje. Alikumbuka magauni yote aliyowashonea watu kabla ya viti, na wateja waliojigeuza mbele ya kioo wakimwambia limewakaa barabara. Akajiuliza ni wangapi walikuwa wamebana pumzi.