Niliyewasha Seva Siku Ile

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta hakunionyesha kiti, alinionyesha mlango. "Nikiwasha seva asubuhi, wewe unasimama huko nje mpaka nikuite," alisema. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na cheti cha Java, lugha mpya wakati huo, na nilidhani Kakamega nzima ilikuwa ikinisubiri.

Seva ni kompyuta inayohudumia nyingine. Yetu, katika kampuni ya sukari ambayo sitaitaja, ilitoa kila asubuhi orodha ya mashamba ya kuvunwa. Ninyi vijana mnabonyeza tu. Sisi tuliandika amri: neno java, kisha sifa za mfumo, mwisho jina la programu. Sifa hizo ndizo huieleza programu mambo inayohitaji inapoanza, kwa mfano faili la orodha liko wapi. Kila moja hutanguliwa na kistari na herufi D, na zote sharti zitangulie jina la programu. Ukiiweka moja nyuma ya jina, Java hailalamiki. Haiihesabu kuwa sifa, na programu yetu ilipoikosa ilifungua faili la msimu uliopita.

Amri ile ingeweza kuhifadhiwa mara moja ikatosha. Nilimshauri hivyo. Alicheka. "Na ukishajua, mimi nitabaki na kazi gani?" Basi akaendelea kuiandika mwenyewe kila asubuhi, mlango umefungwa, kama mganga na dawa zake.

Alipoitwa semina Nairobi, ilibidi aniachie amri kwenye karatasi. Aliandika kwa haraka, akasahau sifa ya faili, akaichomeka mwishoni kabisa, nyuma ya jina la programu. Niliona.

"Mkubwa, hii ya mwisho si ingetangulia?"

"Nimewasha hii mashine miaka mbili. Wewe umewasha mara ngapi? Andika vile nimeandika. Usiongeze, usipunguze."

Kesho yake niliandika vile alivyoandika. Seva iliwaka vizuri, orodha ikachapwa, karani wa matrekta akaichukua. Wakataji walipelekwa Kabras, kwenye mashamba yaliyovunwa msimu uliopita, ambayo miwa yake ilikuwa ndiyo kwanza imefika kifuani. Orodha ikisema kata, wakataji hukata. Kufikia saa sita shamba zima la Mama Nafula, mjane, lilikuwa chini.

Siku ya tatu alikuja ofisini na muwa mmoja mkononi, mwembamba kama kidole. Meneja wa Mashamba alimwambia ni kosa la kompyuta.

"Kompyuta haikatangi miwa," alijibu. "Mtu ndiye alituma hao watu. Mnionyeshe huyo mtu."

Msimamizi, aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi, alininyooshea kidole. "Nilimwachia maagizo yote." Karatasi alikuwa amekwisha kuniomba asubuhi ile, nami nikampa, maana mkubwa akiomba chake humwulizi cha nini. Mama Nafula alinitazama kwa muda mrefu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilihamishiwa stoo ya mbolea Chekalini, na huko ndiko nilikostaafia. Sikugusa seva tena. Miaka mingi nilimlaumu yule bwana, na bado namlaumu, mchoyo wa maarifa mkubwa asiyejua hata alichoficha. Lakini nimeshakuwa mzee, sina sababu ya kujidanganya: mimi nilikuwa na cheti, nilijua kanuni, na vidole vilivyobonyeza vilikuwa vyangu. Heshima ile mliyofundishwa, muitumie kwa salamu. Kazini semeni.

Mwaka jana msimamizi alizikwa. Wanawe waliniomba niseme neno kwa niaba ya waliofanya kazi naye. Mama Nafula alikuwepo, mkongojo mapajani, akinitazama vilevile. Nilishika maiki, nikasema marehemu alikuwa mchapakazi, mwalimu wetu sote. Watu wakapiga makofi, nami nikaketi.