Mume wangu ameandika kwamba hakuna anayekunywa maji ya pale

Admin, jina langu lifiche, hata mtaa wa mama yangu usiutaje. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili, tunaishi Murara hapa Goma. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Mume wangu ni mtaalamu wa mazingira, au ndivyo anavyojiita. Ana gileti, kizibao kisicho na mikono, yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka, na kofia nyeupe ya chantier, ile ngumu ya mafundi wa ujenzi, anayoivaa hata akienda kununua mkate.

Kuna depo ya mafuta kando ya ziwa. Wenyewe wanataka kung'oa matangi ya zamani na kuweka makubwa zaidi, na bila ripoti ya mazingira hawapewi kibali. Kazi ya kuiandika akapewa mume wangu. Nilidhani atazunguka pale, aulize watu. Alienda mara moja, akapigwa picha mbele ya tangi, akarudi. Kesho yake akaniletea faili.

"Bibi, nitengenezee hii, ikuwe na sura."

Nikasoma. Ripoti ilisema miti ya mikoko itatunzwa, na kupwa na kujaa kwa maji kutapimwa kila siku. Jamani, mikoko Goma! Alikuwa amechukua ripoti ya bandari fulani ya baharini akabadilisha jina la mji, tena kurasa nyingine alisahau hata hilo. Na huyu ndiye anayenisahihisha Kifaransa mbele ya wageni. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Halafu, na hili ndilo ninaloungama, nikamsafishia. Mikoko nikafuta, penye bahari nikaweka ziwa. Nikafika ukurasa uliosema hakuna mtu anayekunywa maji ya pale. Huko baharini ni kweli, maji yana chumvi. Lakini mama yangu anaishi karibu na ile depo. Yeye na wenzake wanachota pale kila asubuhi, na bidon nyingine, madumu ya maji, zinapandishwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka huku kwetu Murara. Nikamwambia mume wangu. Haya hakuona.

"Ile fasi ya maji uiache vile iko. Ukiandika batu banakunywa, kibali itachelewa."

"Na mama yangu?"

"Wewe ni mutu wa kuchapa. Chapa."

Nikachapa. Ile takataka ingefika ofisini kama ilivyokuwa, wangeitupa. Mimi ndiye niliyeifanya ikubalike, na hilo linanichoma kuliko dharau zake.

Wiki mbili zilizopita alienda na mafundi kuangalia mabomba ya zamani ya depo. Siku iliyofuata akaingia na katoni za maji ya chupa.

"Batoto bakunywe hii tu. Bomba moja inavuja mu ziwa. Mama yako usimuambie, ataenda kuisema ku réunion."

Mkutano wa wananchi wa kuijadili ripoti ni Alhamisi. Wanawake wanaochota maji wamemchagua mama yangu aseme kwa niaba yao. Jana alinipigia, furaha tupu: "Mutoto wangu, mimi nitaitika tu. Kama ni mukwe wangu aliandika, haiwezi kuwa mubaya." Mume wangu alikuwa kando yangu, simu iko kwa sauti kubwa, anasikia kila neno. Akatabasamu, akafungua chupa yake, akanywa.

Simheshimu tena, sitawadanganya. Kinachonishika ni watoto, maana akipoteza kazi tutayumba sote, na familia yake itasema nimemuuza mume wangu. Faili yake ya kwanza bado ninayo, na mikoko yake yote. Niende nayo Alhamisi niisome mbele ya watu, na niseme pia nani aliipamba? Au nimwambie mama peke yake, nimwachie yeye mzigo? Nishaurini ndugu zangu, ila msichelewe. Mkisoma hii asubuhi, jueni mama yangu yuko ziwani na bidon yake, na mimi bado sijamwambia.